Tangi la maji chumvi kwa ajili ya mama: meza natengeneza mwenyewe, nianzie wapi?

Mwana wa Kibuli

Asalaam aleikum, na habari zenu wote. Niko Kibuli, Kampala. Mama yangu alizaliwa Kibokoni, Mombasa, akaolewa huku akiwa bado msichana. Sasa ana miaka 73, magoti yamemchoka, na safari ya basi ya kutwa kucha hadi pwani haiwezi tena. Kila jioni ananisimulia jinsi maji yalivyokuwa yakikupwa, wao watoto wakishuka kwenye miamba kuchungulia samaki waliobaki vidimbwini. Nimeamua nimletee kipande cha ile bahari sebuleni.

Jirani aliyekuwa anahama ameniuzia tangi la kioo: urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45, kioo cha milimita 10. Lilikuwa la samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Nataka niweke mchanga, mawe, matumbawe laini mawili matatu na samaki wawili, basi. Sitaki kitu kikubwa, nataka kitu ambacho mama akikaa kwenye kiti chake atakitazama.

Kazi yangu ni kushona viti vya magari, kwa hiyo msumeno na drili navijua. Meza nataka kuitengeneza kwa mbao za kalitunsi, inchi 4 kwa 2, miguu minne, na fremu ya juu naifunga kwa skurubu ubavuni mwa miguu. Chumvi nimefikiria ile ya mawe ya Katwe, maana ni rahisi na inapatikana. Maji nina ya bomba, na pia tuna tangi la maji ya mvua linalokinga kutoka kwenye mabati. Stima kwetu inakatika, wakati mwingine saa mbili, wakati mwingine usiku mzima.

Nisahihisheni kabla sijatumia pesa.

Kijana wa Walukuba, Jinja

Ndugu, nakuheshimu kwa unachomfanyia mama. Lakini umefikiria maji baridi? Nkejje, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyanza (Victoria), wana rangi nzuri sana, madume wengine ni bluu na nyekundu kuliko samaki wengi wa dukani. Maji ya bomba ukiondoa klorini yanatosha, na chumvi huhitaji. Nafuga mimi, na gharama ni ndogo mno ukilinganisha.

Mwana wa Kibuli

Asante kaka. Nilimwonyesha mama picha za nkejje, akasema ni wazuri. Halafu akaniuliza, "Na mwamba uko wapi?" Nitabaki na bahari.

Mama Entebbe

Mwanangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Mimi ni fundi wa maabara mstaafu, na huu ni mwaka wa saba nafuga tangi la bahari hapa Entebbe, la lita 120. Nitaanza na chumvi, kwa sababu hapo ndipo ungeua kila kitu siku ya kwanza.

Chumvi ya Katwe iache. Ni chumvi nzuri kwa kazi zake, wafugaji wanawalambisha ng'ombe, lakini haikutoka baharini. Lile ni ziwa la kreta, maji yakiingia hayana pa kutokea, jua linayakausha mwaka hadi mwaka. Kilichobaki mle kimejaa kaboneti na salfeti za sodiamu, wakati kalsiamu na magnesiamu ni haba. Tumbawe linajenga mwili wake kwa kalsiamu. Maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 400 na kitu kwa lita, na magnesiamu kama 1,300. Chumvi ya mezani nayo haifai, hiyo ni kloridi ya sodiamu na iodini tu. Nunua chumvi ya tangi la matumbawe iliyotengenezwa kiwandani, yenye madini yote kwa uwiano wake. Hapa usitafute njia ya mkato, nakuomba.

Hesabu yako ni hii. Tangi lako likijazwa hadi ukingoni ni lita 182. Ukiacha nafasi juu, ukaweka mawe na mchanga, utabaki na maji ya lita 150 hivi. Kila lita inataka gramu 35 hadi 38 za chumvi hiyo, kutegemea aina, kwa hiyo mara ya kwanza unahitaji karibu kilo 5 na nusu. Baada ya hapo utabadilisha asilimia 10 kila wiki, yaani lita 15, haifiki hata jerikani moja. Hiyo ni chumvi nusu kilo na kidogo kwa wiki. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla ya kuanza, uone kama mfuko unaruhusu.

Unatia chumvi ndani ya maji, si maji juu ya chumvi, maana ukigeuza baadhi ya madini yanaganda na hayayeyuki tena. Acha pampu ndogo iyazungushe hadi kesho yake. Pima kwa rifraktomita, kile kipimo cha chumvi cha kuchungulia kwa jicho, si kwa kile kipimo cha plastiki chenye mshale, kile kinadanganya. Unatafuta sehemu 35 kwa 1,000. Baadaye maji yatakapokuwa yanapungua kwa kukauka, kumbuka kwamba chumvi haikauki, inabaki. Unaongeza maji yasiyo na chumvi. Bandika utepe kwenye kioo, mahali pa usawa wa maji, na kila asubuhi rudisha maji hapo. Tangi lako litakula lita moja au mbili kwa siku. Hiyo kazi mpe mama kama mikono yake inaweza, atakuwa na sababu ya kulisogelea kila asubuhi.

Sasa maji yenyewe. Ya bomba yana klorini, na pia yana mambo yanayolisha mwani. Tumia yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi. Hapa Kampala na Entebbe wapo wanaouza maji hayo kwa madumu makubwa, nenda na mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, ujipimie mwenyewe palepale. Inayosoma sifuri au karibu na sifuri ndiyo chukua. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati usiyaguse. Mabati yamepakwa zinki. Mimi mwaka wa kwanza niliona mvua ya Aprili imejaza tangi langu la nje, maji meupe kama machozi, nikasema Mungu amenipa bure. Niliongeza lita 6. Kesho yake kamba wangu wa kusafisha samaki, aliyekuwa akipanda kwenye kiganja changu kila jioni, alikuwa amelala chali chini ya jiwe, miguu bado inatikisika moja moja. Samaki walipona. Wadudu wa baharini wasio na uti wa mgongo hawavumilii zinki wala shaba hata kidogo. Hilo ndilo kosa linaloniuma kuliko yote, kwa sababu nilikuwa mtu wa maabara na nilipaswa kulijua.

Kwa sababu hiyohiyo, muulize huyo jirani kama aliwahi kutibu samaki kwa dawa yenye shaba ndani ya tangi hilo. Akisema ndiyo, au akisema hakumbuki, dawa hiyo inaweza kuwa imejificha kwenye silikoni, ile gundi ya vioo. Ni heri kubandua silikoni yote na kupaka mpya, ile isiyo na dawa ya ukungu.

Meza. Uzito kwanza: maji kilo 150 na kitu, kioo peke yake kilo 40, mawe na mchanga kilo 30 au zaidi. Utasimamisha karibu kilo 250, siku zote, usiku na mchana, kwa miaka. Na wewe unataka kuzining'iniza kwenye skurubu! Meza yangu ya kwanza alinitengenezea fundi kwa mtindo huohuo wako. Ilipendeza. Mwezi wa nne niliona usawa wa maji haulingani na ukingo wa kioo: kushoto nafasi ya kidole kimoja, kulia kidole na nusu. Nilipiga magoti nikamulika tochi nyuma. Skurubu ya kona ilikuwa imeinama kama ukucha wa kuku, mbao imepasuka kufuata nyuzi zake, na ndani ya ule ufa chumvi nyeupe imejipanga mstari kama sukari. Nilitoa maji kwa mpira usiku ule hadi saa tisa, nikiwaweka samaki kwenye beseni la kufulia.

Uzito lazima ushuke kwa mbao yenyewe hadi sakafuni. Fremu ya juu ikae JUU ya miguu, kichwa kwa kichwa. Skurubu kazi yake ni kuzuia vitu visitoke mahali pake, hazibebi. Wenye useremala watakueleza vizuri kuliko mimi.

Kabla hujakata hata mbao moja, mkalishe mama kwenye kiti chake, pima kutoka sakafuni hadi machoni. Katikati ya kioo ndipo paangukie pale. Watu wanatengeneza meza kwa kimo cha mtu aliyesimama, halafu mgonjwa aliyekaa anaona chini ya ubao tu.

Nitarudi jioni niandike kuhusu umeme na kuhusu kungoja.

Seremala Ndeeba

Mama Entebbe amesema kweli tupu. Naongeza ya mbao.

Kalitunsi ni ngumu na inabeba, lakini ikiwa mbichi inajipinda na kupasuka inapokauka, na nyingi zinazouzwa ni mbichi. Ukienda Ndeeba chagua iliyokaa kivulini miezi, iangalie kwa jicho moja kutoka mwishoni kama unalenga shabaha. Ikipinda, rudisha. Misonobari ya kupandwa ni laini zaidi lakini inanyooka, na kwa inchi 4 kwa 2 inabeba tangi lako bila wasiwasi. Mvule ukiupata uliokauka ni bora kuliko yote, ila bei utaisikia mwenyewe.

Kila kona weka mbao mbili zilizosimama, zimegandishwa kwa gundi. Ya kwanza inasimama juu ya fremu ya chini na kuibeba fremu ya juu, hiyo ndiyo mguu. Ya pili unaipitisha ubavuni, inashika fremu zote mbili na mguu pamoja. Urefu wa miguu yote minne kata kwa mpigo mmoja: zifunge pamoja kwa jiliwa, pima mara moja, kata. Ukizikata mojamoja utakosea milimita mbili, na kioo hakisamehe milimita mbili.

Nyuma pigilia plaiwudi nzima, au nusu yake kama unataka nafasi ya kupitisha waya. Bila plaiwudi, meza inaweza kubeba tani moja kwa kushuka chini lakini ikasukumwa ubavuni na mtoto ikalala kama sanduku la kiberiti. Juu weka plaiwudi ya milimita 18, na juu yake shiti la povu gumu, lile jeupe linalokuja na friji, kama tangi lako ni la kioo kitupu chini bila ukingo wa plastiki. Linameza vijichanga na vipele vya mbao ambavyo vingepasua kioo.

Paka rangi ya mafuta au vanishi tabaka tatu, na sehemu za kukatia paka mara mbili zaidi, hapo ndipo mbao inakunywa maji. Zile mbao za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa zina shaba. Chini sio mbaya, lakini usizitumie kutengeneza kifuniko cha juu ambapo mvuke unaganda na kudondoka ndani.

Kama utaamua chuma badala ya mbao, mafundi wako Katwe, hii Katwe yetu ya Kampala. Lakini chumvi na chuma ni maadui.

Na jaribio langu ninalowapa wateja: kabla ya tangi, panga jerikani 6 zilizojaa juu ya meza, ubao juu yake, halafu 6 nyingine. Jumla kilo 240. Ziache usiku kucha, watoto wasikaribie. Asubuhi pima pembe kwa pembe kwa kamba, ulinganishe na vipimo vya jana.

Mama Entebbe

Jerikani 12! Hilo jaribio ningelijua miaka saba iliyopita.

Nimerudi kama nilivyoahidi. Umeme. Samaki hafi kwa kukosa taa, anakufa kwa kukosa hewa. Na sisi tuna jambo ambalo wenzetu wa Mombasa hawana. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji ya bahari kwenye nyuzi 25 yanashika oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi ukilinganisha na pwani. Akiba yetu ni ndogo tangu mwanzo. Pampu ikisimama usiku mzima, ndipo unapoamka kwenye msiba.

Huhitaji jenereta. Pampu ya kusukuma wimbi inakula wati 10, ya hewa wati 5. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 (Ah 100) pamoja na inveta ndogo, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, inakupa kama wati-saa 600. Toa inayopotea kwenye inveta, bado unapata usiku na mchana wake. Usiunganishe hita wala taa kwenye betri hiyo. Sebule yako haitashuka sana usiku mmoja, maji mengi hupoa polepole.

Hita unahitaji, ya wati 150 inatosha, maana usiku wa Kampala unaweza kufika nyuzi 17 na wewe unataka 25. Cha kupozea maji huhitaji, na hilo ni jema la kuishi hapa kwetu.

Waya wa kila kifaa uning'inie ushuke chini ya soketi kwanza, kisha ndipo upande kuingia. Maji yakitambaa kwenye waya yatadondoka pale chini, hayataingia kwenye soketi. Soketi zisiwe ndani ya meza chini ya tangi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno, na mama yako atakuwa akitia mkono humo.

La mwisho ndilo gumu. Ukishaweka maji, mchanga na mawe, utangoja. Wiki nne, sita, wakati mwingine zaidi. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia, na amonia inaua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina neno. Bakteria hao wanakaa kwenye matundu ya mawe. Siku ya kwanza hawapo. Tupia kamba mmoja mbichi wa jikoni aoze ndani, upime amonia na nitriti kila siku mbili. Zote mbili zikipanda, zikashuka, zikakaa sifuri, tangi limekuwa hai. Hapo ndipo samaki wa kwanza anaingia, mmoja au jozi, si watano.

Mwambie mama mapema kwamba atatazama mawe kwa mwezi mzima. Akishajua, atangoja. Asipojua, wewe ndiye utakayeshindwa kumtazama usoni na utakimbilia dukani.

Mwana wa Kibuli

Sijui niwashukuru vipi. Jirani amekiri aliwahi kutia dawa ya buluu ya samaki, hajui ilikuwa na nini. Nimebandua silikoni yote kwa wembe, siku mbili, vidole vimechubuka. Nimepaka mpya, nimeiacha wiki nzima ikauke.

Macho ya mama akiwa amekaa yako sentimita 104. Kwa hiyo meza naifanya 80, katikati ya kioo inakuja kama 102.

Swali la mama mwenyewe: anataka kitatange. Anasema walikuwa wakimwona kila siku, wa manjano wenye mstari mweusi machoni. Na je, naweza kumwomba binamu yangu wa Likoni anitumie mawe ya bahari na kipande cha tumbawe kwa basi?

Mvuvi wa Likoni

Ndugu yangu wa Kibuli, salamu kutoka huku. Nilikuwa nikizamia samaki wa urembo wa kusafirishwa nje miaka mingi, chini ya leseni, kwa hiyo nakujibu kwa ninalolijua.

Tumbawe kwa basi, hapana. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Kenya na Uganda zote zimo katika mkataba huo. Bila vibali yakikamatwa Malaba au Busia, aliyebeba ndiye mwenye kesi, na huyo ni binamu yako. Na hata lisipokamatwa, ule mwamba mama yako aliokuwa akitembea juu yake umekwisha kuchoka. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi sana pwani yetu, nyeupe tupu kila ulikozamia. Mahali pengine hayajarudi kama zamani. Tusiyavunje kwa ajili ya sebule, hata ya mama. Matumbawe laini yaliyokatwa kutoka kwenye tangi la mfugaji mwingine yanakua haraka na yameshazoea taa na maji ya kufugia. Tafuta huko.

Mawe ni rahisi zaidi. Huku tuna machimbo ya mawe ya matumbawe ya kale, yale tunayojengea nyumba. Ni mwamba uliokufa zamani mno, nchi kavu, na una matundu. Muombe binamu vipande vilivyovunjika kwenye eneo la ujenzi, visivyoguswa na saruji wala rangi. Vioshe kwa brashi, viloweke kwenye maji safi wiki mbili ukibadilisha maji. Kilo 15 zinakutosha. Mama yako akilishika lile jiwe atalijua bila kuambiwa, nyumba za Kibokoni zimejengwa kwalo.

Halafu jambo moja, lisikilize vizuri. Jiwe lolote lililotoka ndani ya bahari au ndani ya tangi la mtu USILICHEMSHE ili kulisafisha. Kuna matumbawe laini madogo kama vifungo, yana sumu inayoitwa palitoksini, na mvuke wake umewalaza watu hospitali, familia nzima. Ukiyashika vaa glavu na miwani, usiyashike ukiwa na kidonda. Hivyo vidole vyako vilivyochubuka vipone kwanza.

Kitatange, mwambie mama pole. Wengi wao chakula chao ni matumbawe yenyewe, na wasio hivyo mara nyingi wanagoma kula wakishafungiwa. Nimewaona wakikonda hadi mgongo unakuwa kama kisu. Samaki kangaja naye anahitaji kukimbia, sentimita 90 kwake ni jela. Mchagulie wale wadogo wanaoishi ndani ya anemoni, yule mnyama wa bahari anayefanana na ua. Pwani yetu wako wawili: mmoja wa rangi ya chungwa iliyofifia mwenye mstari mweupe mgongoni, na mwingine wa hudhurungi na manjano mwenye mikanda miwili myeupe. Wa dukani mara nyingi ni jamaa yao wa Asia, aliyezaliwa tangini, na huyo ndiye bora kwako kwa sababu anakula chochote. Chukua wawili wadogo. Wote huanza madume, mkubwa atageuka jike, na wataishi pamoja. Wanaweza kuzidi miaka 10.

Kuhusu kuwavusha: ulizia ofisi ya uvuvi huko kwenu kwanza. Samaki wa kigeni kuingia Uganda anahitaji ruhusa ya maandishi. Muuzaji halali atakuwa nayo, mwombe akuonyeshe.

Mwana wa Kibuli

Nimemsomea mama majibu yote. Kwenye kitatange alinyamaza kidogo, akasema, "Basi abaki kwao." Kwenye mawe ya kujengea alicheka, akasema nyumba ya babu yake ilikuwa ikidondosha vumbi la jiwe hilo kwenye chandarua kila usiku.

Wiki saba zimepita tangu niulize. Meza nimefuata maneno ya Seremala, msonobari, kona za mbao mbili, plaiwudi nyuma. Jerikani 12 zilikaa usiku kucha, kamba ilisoma sawasawa asubuhi. Lakini nilipoweka tangi na kutia maji ya sentimita 5 nikapima kona zote, upande wa mlangoni ulikuwa chini kwa milimita 6. Meza ilikuwa sawa, vigae vya sakafu ndivyo vinavyoteremka. Nikatoa maji, nikaweka kabari za mbao ngumu chini ya fremu ya chini, urefu wote, si kwenye kona tu. Sasa tofauti ni milimita 1.

Mawe yalifika na binamu, kilo 17. Mama ndiye aliyeyapanga. Alikuwa akinyoosha kidole kutoka kwenye kiti, mimi nageuza. Ameacha upenyo katikati, anasema ndipo maji yanapopitia yakikupwa.

Chumvi inasoma 35. Joto 25. Leo ni siku ya 26 tangu nitie kamba wa kuoza. Amonia ilifika 2, ikashuka, leo ni sifuri kwa mara ya pili. Nitriti ilikuwa 5, sasa 0.5. Kioo kimeanza kupata vumbi la kahawia, na mchanga pia. Mama ameuliza kama samaki anaweza kuja Jumamosi. Nimjibu nini? Na hilo vumbi nilikwangue?

Mama Entebbe

Mwanangu, hongera. Kabari urefu wote, umefanya sawa kabisa.

Hilo vumbi la kahawia ni diatomu, mwani mdogo sana, linakuja kwa kila tangi jipya na linaondoka lenyewe. Kioo cha mbele kifute ili mama aone, mchanga uache. Washa taa kwa muda wa saa nane kila siku, zisizidi.

Jumamosi bado. Nitriti ya 0.5 maana yake wale bakteria wa pili wapo lakini hawajatosha. Ngoja hadi isome sifuri. Kisha fanya jaribio moja: tia chakula kidogo cha samaki kama vile wapo, pima kesho yake. Amonia na nitriti zikibaki sifuri, badilisha maji jerikani mbili ili nitrati ishuke, halafu lete konokono watatu wa kula mwani kwanza. Mama atakuwa na kitu kinachotembea. Samaki wafuate wiki moja baadaye.

Siku ya kuwaleta, zima taa, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 joto lilingane, kisha ongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe kwa nusu saa. Maji ya mfuko yamwage nje, yasiingie tangini. Na usiyamwage kwenye bustani, yataua migomba yako.

Tuwekee picha ya ule upenyo aliouacha mama.